Kilimia cha Bibi Somoe

Niliposhusha kibao cha studio yangu, vijana wa kamera hapa Newala walikuja kunisaidia kuhamisha vitu. Kila mmoja alipofika kwenye ukuta wa nyuma alisimama. Hawakusimama kwenye picha za harusi, ingawa baadhi ya maharusi wale ni wazazi wao wenyewe. Walisimama kwenye picha za nyota. "Mama Neema, hizi ulipigia kamera gani?" Nikawaonyesha: kamera ya mtumba, raba yake imebanduka, mlango wa betri umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, lenzi ni ile ile ndogo iliyokuja nayo. Wakacheka, wakidhani nawaficha nyingine. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya, kabla sijaanza kusahau, na kabla mmoja wenu hajauza mikorosho ya babake ili anunue lenzi.

Mambo ya nilipata nini na nilipanda cheo vipi siyaandiki. Kwenye studio yangu mimi ndiye niliyekuwa mkurugenzi, mfagiaji na mlinzi, kwa hiyo hapakuwa na pa kupanda. Nitaandika kazi tu, na watu walionifundisha, na picha moja ambayo mpaka leo siwezi kuitazama nikiwa nimesimama.

Nilizaliwa Mkunya, hapa hapa Newala, baba yangu akiwa mwinjilisti. Nilipomaliza shule nilipelekwa Masasi kwa mama mdogo, na mama mdogo akachoka kuniona nimekaa, akanipeleka kwa Fundi Athumani, aliyekuwa na studio karibu na soko. Nilidhani siku ya kwanza nitashika kamera. Alinipa ufagio. Nilipomaliza kufagia akanifungia kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu, yeye akabaki nje anakunywa kahawa.

"Umeona nini?" akaniuliza kupitia mlangoni.

"Sijaona kitu, fundi."

"Basi endelea kukaa."

Nilikaa mpaka nikaanza kuona ufito mwembamba wa mwanga chini ya mlango, na kitundu kidogo kwenye bati, juu kabisa. Nikamwambia. Akaja na gunia na kipande cha lami, akaziba vyote viwili, kisha akasema kwamba sasa nimeanza kazi. Ni baadaye sana nilipoelewa kwamba alikuwa akinifundisha kungoja macho. Mtu akitoka kwenye taa akatazama juu mara moja, huona giza lenye vidoti vichache, akarudi ndani kulala. Ninyi mnaobeba simu zenye mwanga kama wa kibanda cha chipsi, hapo ndipo mnapoanza kukosea.

Fundi Athumani alikuwa mtu wa maneno machache na vikombe vingi. Kila ulipokaribia mwandamo wa Ramadhani au Idi hakukosekana mtu wa kuja kumwomba apige picha ya mwezi, awe na ushahidi wa kubishana nao. Alikataa kila mwaka. "Mwezi unaonwa kwa jicho," alikuwa akisema, "mimi niachie mabwana harusi." Lakini nyota alizipiga, kwa ajili yake mwenyewe, na hakuwa akimwambia mtu.

Picha yangu ya kwanza ya usiku niliipiga siku umeme ulipokatika Masasi nzima. Alinichukua mimi na mwanawe mkubwa mpaka chini ya majabali, akaweka kamera juu ya mfuko wa mchanga, maana stendi hatukuwa nayo. Mfuko wa mchanga ni stendi nzuri kuliko hizo za miguu ya bati mnazonunua, kwa sababu hautetemeki na hauibiwi. Akaiweka shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, kwenye B, ambapo inabaki wazi mpaka uiachie, akafunga waya wa kubonyezea. Kisha akatoa mfukoni kifuniko cha kopo la maziwa ya unga alichokipaka masizi, akakishika mbele ya lenzi bila kuigusa. Akabonyeza, akangoja kamera itulie, ndipo akaondoa kifuniko. Midomo yake ikawa inatembea taratibu. Alipomaliza akarudisha kifuniko na kuachia waya.

"Ulikuwa unasema nini, fundi?"

"Alhamdu. Moja, bila haraka. Ukizidisha hapo, nyota zinatembea, zinakukwaruzia picha."

Mimi sikuwa na Alhamdu. Nilijaribu kwa Baba Yetu, na tulipoisafisha filamu nyota zilikuwa zimetulia, kila moja mahali pake, kama punje za mtama zilizomwagika juu ya nguo nyeusi. Alizitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akaguna. "Saa yako inafanya kazi," akasema. "Lakini usiiseme kama mtu anayewahi chakula." Tangu siku ile, miaka yote, nimepima nyota kwa Baba Yetu. Vijana mmenipa programu za simu za kuhesabu sekunde. Asanteni, ziko kwenye simu, na simu iko kwenye droo.

Picha zilizokwaruzwa, yaani zile ambazo nyota zimekuwa mistari, Fundi hakuziacha zikae studioni. Alizichana palepale. Alisema mpiga picha anayeonyesha mikwaruzo ni sawa na fundi cherehani anayeonyesha alipojidunga sindano. Nami nikawa nachana za kwangu. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Nilipoolewa nilirudi Newala nikafungua studio yangu. Uwanda wetu huu wa juu una mambo yake, na Masasi hawakunifundisha yote. Kwanza ni baridi. Miezi ambayo anga ni safi kuliko zote ndiyo ile ile ambayo umande unaifunika lenzi kabla hujamaliza kusema "mbinguni". Dawa yake ni soksi. Ijaze mchanga, uiweke pembeni mwa jiko ipate moto, uifunge kwenye lenzi kama mtu anayefunga shingo yenye mafua. Pili ni kulenga. Lenzi za siku hizi zinajizungusha zenyewe, na gizani zinahangaika. Zima hilo, tafuta taa ya mbali kabisa, mimi hutumia moja iliyo ng'ambo ya Ruvuma, uzungushe pete ya lenzi mpaka taa iwe kidoti, kisha uibandike pete plasta ya kidonda isisogee. Tatu ni salfa.

Kwa mgeni anayesoma, salfa ni ile poda ya njano tunayopulizia mikorosho isipate ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoua maua. Inapulizwa kabla ya mapambazuko, hewa ikiwa imetulia na majani yana umande wa kuishika. Kwa hiyo saa ambayo mpiga nyota anaitaka, ndiyo hiyo hiyo mkulima anawasha mashine. Ikitua kwenye lenzi usiifute kwa pindo la khanga, inakwaruza kioo. Ipulize kwa kile kipira cha kusafishia masikio ya watoto. Mwaka wangu wa kwanza sikujua, nikapiga mwezi wenye duara kubwa la njano kuuzunguka, nikaubandika dirishani kwa majivuno. Wazee wawili wakaja kuniuliza kwa upole kama ni dalili ya vita.

Kingine ambacho Masasi hakikuwa tatizo ni kwamba mimi ni mwanamke, na mwanamke anayezurura gizani ana maelezo ya kutoa. Nilikuwa nimepata stendi ya chuma, nikawa naibeba mgongoni kwa khanga ili mikono ibaki huru. Siku moja huko kwetu Mkunya nikakutana na walinzi wa kijiji. Mmoja alikuwa Baba Shukuru, tuliyesoma naye.

"Nani huyo?"

"Mimi, Mama Neema."

"Na mtoto saa hizi? Umempeleka wapi?"

"Si mtoto."

Wakarudi nyuma hatua. Baba Shukuru akamulika tochi, akaona miguu mitatu ya chuma imechungulia kwenye khanga. Mwenzake, aliyekwisha kuniona mchawi, alikuwa ameshaokota fimbo. Nacheka ninapoandika, lakini siku ile sikucheka, kwa sababu nawajua wanawake waliopigwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilikaa chini, nikafungua stendi, nikaweka kamera, nikamwambia Baba Shukuru atazame. Baada ya kutazama hakusema lolote kuhusu uchawi. Aliniuliza tu kama naweza kumpigia picha kwa ajili ya kitambulisho. Kuanzia hapo kila ninapotoka usiku natoa taarifa kwa mwenyekiti, na natembea na mtu. Nanyi mfanye hivyo, hata wanaume.

Fundi Athumani alifariki wakati kamera za filamu zilipokuwa zinakwisha. Nilifika Masasi wakiwa wameshamzika. Mwanawe mkubwa aliniletea kifuniko cha kopo kilichopakwa masizi, kimefungwa kwenye leso. "Baba alisema hiki ni chako." Nililia kwenye basi mpaka abiria wa pembeni akanipa maji yake. Kifuniko hicho ninacho. Waya wa kubonyezea ninao kwenye kamera yangu ya sasa pia, na kifuniko bado nakishika mbele ya lenzi, kwa sababu mkono umezoea.

Sasa nifike kwa Bibi Somoe.

Ilikuwa Julai, salfa imepamba moto. Mwanamke wa makamo aliingia studio, akakaa kwenye kiti cha picha za pasipoti, nami nikaanza kurekebisha taa. Akasema hakuja kupigwa picha. Alikuwa Mama Zuhura, wa kijiji cha Chilangala; Zuhura ni jina lake mwenyewe, si la mtoto. Mama yake mzazi, Bibi Somoe, alikuwa hainuki kitandani, kifua kimembana, na hospitali walikuwa wamesema arudishwe nyumbani akae na watu wake. Alikuwa ameomba kitu kimoja, aone kilimia.

Kilimia mnakijua, kile kifungu cha nyota ndogo zilizosongamana, ambacho kipindi hicho kinachomoza kuelekea alfajiri. Walikuwa wamejaribu kumtoa nje na godoro lake. Baridi pamoja na salfa vikamshika kifua, akakohoa mpaka wakadhani ndiyo mwisho. Wakaapa hawamtoi tena.

"Tumesikia wewe una nyota ukutani," Mama Zuhura akasema. "Tuletee na sisi, Mama Neema. Za palepale, juu ya njia ya maji. Siyo za mahali pengine."

"Kwa nini palepale?"

"Anasema nyota za mahali pengine si zake."

Niliamua kwenda kabla hajamaliza. Mimi mwenyewe ni mtoto wa uwanda huu. Kabla ya mabomba, maji yalikuwa chini, bondeni, na mama zetu waliteremka ukingo kwa njia ya maji kuyafuata, wakiamshwa na nyota. Saa hawakuwa nayo. Msimu wa baridi, kilimia kikitokeza juu ya miti, mama anakutikisa bega.

Alfajiri ya kwanza Chilangala mashine zilikuwa zikinguruma pande zote, na juu ya mikorosho lilitanda wingu linalong'aa kila tochi ilipopita. Nilipiga hivyo hivyo. Ukitazama picha zile utadhani nimepiga uji. Alfajiri ya pili ukawa ukungu. Mama Zuhura alikuwa akinisindikiza kila mara, na kila tuliporudi nyumbani tulisikia kikohozi kabla hatujafika uani. Hatukuwa na alfajiri nyingi.

Nikamwendea Baba Hawa, ambaye shamba lake ndilo linapakana na njia ya maji. Mashine ilikuwa ya majirani kadhaa kwa zamu, na zamu ilikuwa yake. Nilimkuta anachekecha salfa, nyusi zake za njano.

"Shikamoo, Baba Hawa."

"Marahaba. Wewe ndiye mama wa nyota."

Nikamweleza. Akaendelea kuchekecha.

"Maua yamefunguka," akasema. "Ubwiriunga hausubiri mtu apige picha. Na nikiacha mimi, anayenifuata zamu naye anarudi nyuma, na wa nyuma yake. Utawaambia nini hao?"

Nilimwambia sina la kuwaambia, nimekuja kuomba tu. Mama Zuhura, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Hawa, siku uliyozaliwa, maji ya kukuogeshea yalitoka wapi?"

Aliweka chekecheo chini. Mamake alikuwa mwenzake Bibi Somoe wa njia ya maji, na siku ile alikuwa kitandani na kichanga, hivyo bila shaka Baba Hawa alijua ni Bibi Somoe aliyebeba maji. Akasema, "Kesho hatuwashi. Nitazunguka niwaambie, na wenye mashine nyingine pia. Lakini ukija ukungu, Mama Neema, nitakulaumu wewe, siyo Mungu."

Ukungu haukuja. Uwanda ulikuwa kimya kama Ijumaa Kuu. Tulisimama mimi na Mama Zuhura pale njia inapoanza kuteremka, siku hizi imeota majani kwa kuwa hakuna anayeshuka. Kilimia kilikuwa kimeanza kutokeza juu ya miti. Nilifungua lenzi yote, nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, mpaka inapovumilia, nikafunga soksi yenye joto, nikashika kifuniko. Baba Yetu moja, picha moja. Nikarudia mpaka nilipokuwa na hakika. Zilikuwa safi. Sijawahi kupiga nyota safi kuliko zile, na nilijua palepale.

Nikataka na bonde lenyewe lionekane kidogo, lisibaki shimo jeusi. Hiyo inataka muda mrefu zaidi. Nikabana tundu la lenzi, nikashusha ISO, nikafunga waya ubaki umebonyea, niseme Baba Yetu kadhaa kisha nifunge. Nilikuwa nimeanza Baba Yetu ya pili pale Mama Zuhura alipofungua mdomo.

Alisema walikuwa wawili walioshuka na mama yao kuteka maji, yeye na dada yake Zainabu. Mama yao alifunga pindo la khanga yake kwenye mkono wake yeye mdogo asianguke, kwa kuwa alikuwa akitembea amelala. Zainabu alikuwa mkubwa, alitembea mbele na mtungi wake. Walikuwa na vituo: mgongo wa mchanga, ambapo walikunja nguo, kisha kona ya mianzi, kisha mteremko mkali, kisha kisima. Walipofika kisimani kilimia kilikuwa kinazimika, kunakucha. Ndivyo walivyojua hawajachelewa.

"Siku hiyo Zainabu alikuwa na homa," Mama Zuhura akasema. "Hakusema. Angesema, Mama angebaki, na nyumbani hapakuwa na tone. Tulipofika kwenye mianzi akatua mtungi, polepole, hakuuvunja. Akakaa. Mama akamwambia, inuka, kilimia kinatuacha. Hakuinuka."

Mama yao alimbeba mgongoni kupanda ukingo. Alikuwa binti mkubwa, miguu yake ikiburuta. Mama Zuhura alifuata nyuma akilia, ameshika pindo la khanga. Kabla hawajafika juu, Zainabu hakuwa tena mzigo wa mtu anayepumua. Baada ya matanga, wiki ile ile, Bibi Somoe aliamka kilimia kilipotokeza, akachukua mtungi, akashuka. Kulikuwa na watu wa kunywa maji.

Nilimshika mkono tu. Tulipokuja kuinua macho, upande wa mashariki ulikuwa umeanza kupauka, na kamera ilikuwa bado imefunguka, soksi imeshapoa. Nikaachia waya. Nilitazama kwenye kioo cha nyuma nikaona mikwaruzo mitupu, kila nyota imekuwa mstari. Ningekuwa na karatasi ningeichana.

Picha kubwa zinachapishwa Masasi. Kijana wa mashine alichapisha zote mbili bila kuuliza, ile safi niliyomwekea alama na ile ya mikwaruzo. Safi nikaitia fremu. Ya mikwaruzo ilikuwa karatasi nzuri nene, nikaizungushia fremu isichubuke njiani.

Nilipofika kwao, Bibi Somoe alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdogo, macho yamefunikwa na wingu jeupe. Tulizungumza Chimakonde, hapa naandika kwa Kiswahili. Nilimsalimu, akaitika kwa pumzi fupi. Baba Hawa alikuwa amekuja, amekaa mlangoni. Nikainua ile picha safi mbele ya dirisha lenye mwanga.

Alitazama muda mrefu. Akainua mkono akapapasa kioo.

"Naona giza, mwanangu," akasema. "Zuhura, nisaidie. Ziko wapi?"

Mama Zuhura alishika kidole cha mama yake akakiweka juu ya kilimia. "Hapa, Mama."

"Sizioni."

Macho yale hayakuweza kushika vidoti. Picha safi kuliko zote nilizopata kupiga, na mtu mmoja aliyeihitaji haioni. Nikaishusha, na katika kuishusha karatasi ya kufungia ikaanguka juu ya shuka, uso wake juu. Nilitaka kuiondoa. Bibi Somoe akaizuia kwa kiganja.

"Na hivi virefu ni nini?"

Mistari alikuwa anaiona. Ilikuwa minene, myeupe, yote imeinama upande mmoja. Nikamwambia ni nyota zile zile. Niliiacha kamera wazi, zikaendelea kutembea, ikachora zilikopita. Kile kifungu cha mistari iliyosongamana ndicho kilimia.

Akaweka kidole pale kilimia kilipoanzia, chini, karibu na kivuli cha miti. Akaanza kukisogeza taratibu. "Hapa nimewaamsha," akasema. Kidole kikapanda. "Mgongo wa mchanga." Kikapanda kidogo. "Zuhura anasinzia." Mama Zuhura alikuwa amefunika mdomo kwa khanga. "Mianzi." Hapo mistari ilikuwa imekwisha, kidole kikatoka kwenye mwanga kikaingia kwenye weusi. Akakirudisha, akapapasa mwisho wa mstari, kisha akanigeukia.

"Mbona zimeishia hapa?"

"Hapo ndipo nilipofunga kamera, Bibi."

Alipozungumza hakuwa na hasira, alizungumza kama mtu anayemwambia mtoto jambo ambalo mtoto hangeweza kulijua.

"Ungeziacha zifike, mwanangu."

Baba Hawa alitoka nje. Nami nilitaka kutoka, lakini mkono wa Bibi ulikuwa bado juu ya karatasi na juu ya mkono wangu.

Alifariki kabla maua ya mwaka ule hayajawa korosho. Walipomzika, ile karatasi ya mikwaruzo ilikuwa bado imebandikwa ukutani juu ya kitanda chake, hawakujua waiondoe au waiache. Picha ya fremu Mama Zuhura alinirudishia, akasema iko vizuri kwangu. Ndiyo hiyo mnayoisifu.

Mwaka uliofuata, Julai, nilikuwa nimeshaamua kufunga studio. Magoti hayakutaka tena kusimama gizani. Nilirudi Chilangala mara moja ya mwisho. Sikumwomba mtu anyamazishe mashine, nilikusudia kuchukua nitakachopata. Lakini nilipofika kwenye njia ya maji nilimkuta Baba Hawa amekaa juu ya ndoo ya salfa iliyofungwa, mikono mapajani. "Zamu yangu leo," akasema. "Nimechelewa kuamka." Alikuwa amevaa koti, vifungo vyote vimefungwa, kama aliyekaa hapo tangu usiku.

Mama Zuhura akaja na chupa ya chai. Kilimia kilipotokeza juu ya miti nilibana tundu la lenzi, nikaweka soksi, nikaondoa kifuniko cha Fundi Athumani. Nikakiweka mfukoni. Sikusema Baba Yetu, au niseme niliisema mara nyingi lakini si kwa ajili ya kuhesabu. Tulikaa watatu. Soksi ilipopoa, Mama Zuhura alikuwa ameleta nyingine yenye moto. Kwa hesabu ya kidole cha Bibi, kilimia kilipita mgongo wa mchanga. Kikapita kwenye mianzi, na hapo nilisikia Mama Zuhura akivuta pumzi na kuishikilia. Kikaendelea kupanda, na mashariki kukapauka, na zile nyota zikaanza kufifia zenyewe moja moja mpaka hazikuonekana. Ndipo nikaachia waya.

Hiyo ndiyo picha ya mwisho niliyoipiga kwa kazi. Haipo kwenye ukuta wangu, iko Chilangala, kwenye chumba cha Bibi Somoe. Mistari yake inaanzia kwenye kivuli cha miti na inaishia kwenye mwanga wa asubuhi, saa ile waliyofika kisimani. Fundi Athumani angeichana.

Mnaniuliza nyota ziachwe kwa muda gani. Baba Yetu moja, au Alhamdu moja, bila haraka, zitatulia. Lakini kama kuna mtu ndani ya nyumba anayezingoja, msifunge mapema. Ziacheni zifike.